Mtoa Taarifa wa Saba

Kila siku saa nne kasorobo Mama Chai aliwasha jiko la Akademia, akateleka birika mbili kubwa, akapanga vikombe thelathini na sita kwenye sinia tatu, kisha akatega sikio. Jikoni kwake palipakana na ukumbi wa mikutano, na ukutani palikuwa na kidirisha cha kupitishia vyombo ambacho hakikufunga vizuri tangu fundi alipokipaka rangi kikavimba. Kwa kidirisha hicho alisikia mengi kuliko mjumbe yeyote wa kamati. Wajumbe walikuja mara moja kwa mwezi. Yeye alikuwapo siku zote, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa.

Akademia ilikuwa nyumba ya wasomi wa taifa zima. Hapakuwa na wanafunzi wala kengele. Wasomi walichaguliwa mmoja mmoja na wenzao, wakapewa cheti na kiti, na kazi yao ilikuwa kuamua nani apewe ruzuku ya utafiti, utafiti upi uingie katika jarida lao, na upi utolewe kwa vijitabu vya bure ili watu wa kawaida nao wafaidi. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi milango ilikuwa wazi, na yeyote aliyetaka aliingia kusikiliza mhadhara. Mama Chai aliyajua hayo yote bila kujua herufi hata moja. Aliyenyimwa ruzuku alimtambua kwa namna alivyokoroga chai: alikoroga weee, macho ukutani, na sukari ilikwisha yeyuka zamani. Aliyepewa alisahau kikombe mezani mpaka kikapoa.

Shuleni hakuwahi kukanyaga. Alikuwa mtoto wa kwanza, na wa kwanza wa kike kwao alikuwa mama wa pili: alibeba wadogo mgongoni, akachota maji, akakaa uani na mama yake wakichagua mbegu. Alipoolewa, mume alimcheka kwa kutojua kusoma, kisha akamwacha kwa barua. Barua yenyewe ilibidi asomewe na jirani, kwa hiyo jirani alijua kabla yake kwamba ameachwa. Miaka ishirini imepita, lakini Mama Chai hajasahau jinsi jirani yule alivyonyamaza alipofika mstari wa tatu. Tangu siku hiyo hakuiamini karatasi, wala mtu aliyeishika.

Daktari alikuja mwaka wa mvua nyingi. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye mkoba mzito kuliko yeye. Mlinzi wa getini aliposikia kwamba mgeni ni daktari, alimfuata mpaka jikoni, akakunja suruali amwonyeshe goti.

“Mimi si daktari wa watu, kaka,” yule binti akasema. “Ni wa mbegu.”

“Basi lipande hili goti,” mlinzi akajibu. “Labda litaota jipya.”

Mama Chai alicheka mpaka akamwaga maziwa, na kuanzia hapo Daktari akawa mtu wa jikoni. Alikuwa amepewa ruzuku ya miaka miwili kutafiti jinsi wakulima wa zamani walivyohifadhi mbegu za maharage bila dawa ya dukani. Alizunguka vijiji, akapata watu sita wa kumsimulia, lakini wote walikumbuka nusu nusu, maana siku hizi kila mtu hununua unga wa kuulia wadudu na mambo yakaisha. Siku moja alirudi safarini amechoka, akajitupa kwenye stuli karibu na sinki.

“Mama, hii kazi itanishinda. Hakuna anayekumbuka mwanzo mpaka mwisho.”

“Unahangaika huko kote,” Mama Chai akasema huku akisuuza kikombe, “na mimi niko hapa. Mama yangu aliweka mbegu miaka minne, na fukusi hakutia mguu.”

Daktari alifungua mkoba, akatoa kinasa sauti, akakiweka mezani kando ya kopo la sukari.

Ndivyo walivyoanza. Kwa miezi minne, kila siku baada ya vyombo vya saa nne kuoshwa, walikaa wawili pale mezani. Mama Chai alieleza jinsi mama yake alivyochagua punje, si kubwa wala ndogo, bali zilizolala vizuri kiganjani. Alieleza jinsi alivyojaribu ukavu kwa jino: punje ikivunjika kwa kishindo, imekauka, ikibonyea, inarudi juani. Alieleza kibuyu kilivyofukizwa moshi kwanza, na jinsi kizibo kilivyozibwa kwa nta. Alipoeleza, mikono yake iliyozoea sinia ilikumbuka yenyewe, ikachambua maharage yasiyokuwapo juu ya meza tupu. Siku hizo alimwita Daktari “mwanangu”.

Akamweleza pia maharage yenyewe. Yalikuwa meupe, yenye doa jekundu kwenye kitovu, na hayakupatikana sokoni. Mama yake aliyarithi kwa mama yake naye. Kwa sasa yalibaki kwa mtu mmoja tu, mdogo wake wa mwisho aliyekuwa akilima huko kwao, ambaye mama alipofariki alikuwa bado ananyonya. Mdogo mtu aliyapanda kila mwaka na kila mwaka fukusi wakala nusu, kwa sababu mambo ya mama aliyasikia nusu nusu tu kwa kusimuliwa, na hakuna aliyemfundisha kuyahifadhi. Mama Chai alijiambia kila likizo kwamba safari hii atamwonyesha. Likizo ikaja, wakapiga soga, wakasukana nywele, likizo ikaisha.

“Jina la mama yako litakaa ukurasa wa kwanza,” Daktari akamwambia siku moja. “Nakuahidi, mama.”

Wiki ile nzima Mama Chai alionekana akitabasamu na sinki. Mama yake alizaa watoto wanane na kulisha wengine wasio wake, akazikwa, na jina lake halikuandikwa popote, hata kaburini. Sasa litaandikwa Akademia. Aliwaza atamwomba mtu amwonyeshe ni wapi hasa lilipo, aweke kidole juu yake.

Kisha Katibu wa machapisho akaja jikoni na fomu. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari. Akamweleza kwamba fomu inasema anaridhia maneno yake yatumike, akamwekea kidau cha wino, Mama Chai akabonyeza dole gumba.

“Vizuri. Wewe ni mtoa taarifa wa saba.”

“Wa saba kivipi? Jina langu ninalo.”

“Watoa taarifa wote hupewa namba, mama. Ni kanuni. Ni kwa ajili ya kuwalinda.”

“Kunilinda na nani?”

“Na yeyote anayeweza kukusumbua.”

“Hata na sifa?”

Katibu alicheka, akidhani ni utani. Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama sakafu. Katibu alipoondoka akasema kwa sauti ndogo, “Nitalishughulikia, mama,” na baada ya hapo hakulitaja tena. Wiki zikapita. Mama Chai akaacha kumwita “mwanangu”.

Mhadhara wa Daktari ulifanyika Alhamisi ya mwisho ya mwezi uliofuata. Ukumbi ulijaa, watu wengine wakasimama. Mama Chai alisimama nyuma kabisa na sinia yake, amevaa gauni jipya chini ya aproni. Daktari alizungumza vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Alionyesha picha za vibuyu, akaeleza jino na nta na moshi, na watu walitikisa vichwa kwa mshangao. Akasema, “Haya yote niliambiwa na mwanamke mmoja asiyejua kusoma wala kuandika.” Ukumbi ukapiga makofi.

Mwanamke mmoja. Asiyejua kusoma. Watu walipotoka kunywa chai, mama mmoja mwenye miwani alichukua kikombe kwenye sinia yake, akamwambia mwenzake, “Hebu fikiria, watu wa namna hiyo wanapatikana wapi siku hizi?” Akageuka. “Niongezee sukari, tafadhali.”

Mama Chai akamwongezea sukari.

Lilikuwa limebaki jambo moja tu la kurekodi: majivu. Hilo ndilo lililokuwa roho ya kazi nzima, na walilibakiza la mwisho. Majivu ya mama yake yalichekechwa, yakatandazwa kwenye ungo, yakaachwa siku tatu mpaka yapoe kabisa, ndipo yakatiwa kwenye kibuyu tabaka kwa tabaka na mbegu. Mama yake alizamisha mkono mzima ndani ya majivu na kuutuliza, akitafuta joto kama mtu anayempima mtoto homa. Palipobaki joto hata kidogo, aliyarudisha kwenye ungo. Joto huua mbegu kimyakimya. Punje hubaki nzuri kwa macho, hupikika, huliwa, lakini ukiipanda haioti.

Jumatatu ile Daktari aliwasha kinasa sauti. Mama Chai alikuwa na donge rohoni tangu Alhamisi.

“Majivu yanatoka jikoni moja kwa moja,” akasema. “Yangali na joto. Joto ndilo linalowaua wadudu.”

Hakupanga kumdhuru mtu. Alichopanga, kama ni kupanga, ni hiki: Daktari ataenda maabara, atajaribu, mbegu zitagoma, ataaibika kidogo mbele ya wenzake, kisha atarudi jikoni mikono nyuma na kusema, mama, tumekwama bila wewe. Hapo Mama Chai atafuta mikono kwa aproni, ataketi, na kusema: andika jina la mama yangu kwanza. Aliichezesha picha hiyo kichwani mara nyingi kiasi kwamba aliiona kama imekwisha tokea.

Ila pale Akademia kulikuwa na desturi yao, na desturi hiyo ndiyo iliyomponza. Zamani watafiti walikuwa na tabia ya kuwatilia watu wa vijijini maneno mdomoni, wakachapisha wanachotaka wao. Wazee wa Akademia wakakasirika, wakaweka sheria: kijitabu chochote kabla ya kuchapishwa, maneno yasomwe mbele ya aliyeyasema, aya kwa aya, na yeye aseme “ndivyo” au “sivyo”. Akishasema ndivyo, hakuna anayeruhusiwa kuyagusa, awe profesa awe nani. Waliiita siku ya kusomewa. Mama Chai aliisikia kupitia kidirisha chake sheria hiyo ikipitishwa miaka mingi nyuma, na siku hiyo aliwatengenezea chai nzito, maana aliona kwamba angalau mara moja wamesema jambo la maana.

Siku yake ya kusomewa ilifika. Walimkalisha kwenye kiti cha ngozi, ukumbini, upande wa pili wa kidirisha, na chai alitengeneza mtu mwingine, chai ya ovyo. Katibu alisoma, Daktari na wajumbe wawili wakisikiliza, na mwisho wa kila aya akainua macho.

“Ndivyo,” Mama Chai alisema. “Ndivyo. Ndivyo.”

Wakafika kwenye majivu. Katibu akasoma kwamba yatiwe yangali na joto, kisha akainua macho kama kawaida. Kabla Mama Chai hajafungua mdomo, Daktari aliinama mbele.

“Mama, una uhakika? Maabara hatuna jiko, kwa hiyo nilitumia majivu yaliyopoa siku nyingi. Mbegu ziliota vizuri sana.”

“Daktari,” Katibu akasema, si kwa ukali, “unaijua kanuni. Maneno ya mtoa taarifa hayaguswi. Kama jaribio lako ni tofauti, liandike kwenye jarida. Kijitabu ni chake.”

“Najua. Nauliza tu.”

Watu wanne wakamtazama. Hapo ndipo Mama Chai alipotambua kwamba mambo hayakwenda alivyoyachora. Hawakwenda kujaribu maneno yake. Waliyaamini kuliko jaribio lao wenyewe, pamoja na maabara zao na vyeti vyao. Jina hawakumpa, lakini neno lake lilikuwa limekaa pale mezani kama jiwe ambalo hakuna aliyethubutu kulisogeza. Ilimtosha kusema “sivyo”. Alilifikiria neno hilo, na mara akamkumbuka yule mama mwenye miwani akiomba sukari.

“Ndivyo,” akasema.

Kijitabu kilitoka baada ya miezi miwili, kurasa ishirini na nne, jalada lenye picha ya kibuyu. Nakala elfu tatu ziligawiwa bure kwa wakulima, na redioni wakakisoma kipindi cha mchana. Mlinzi alimletea Mama Chai nakala moja, akafungua ukurasa wa nyuma, akamsomea: “Watoa taarifa: wa kwanza mpaka wa saba.”

“Umekuwa namba, Mama Chai,” akasema. “Kama basi.”

Safari hii Mama Chai hakucheka.

Mdogo wake alimpigia simu muda mfupi baadaye, sauti imejaa furaha. “Dada! Tumeletewa kitabu cha Akademia, pale pale unapofanya kazi! Binti yangu kanisomea mara mbili. Dada, yale ni mambo ya mama! Yale ya jino na nta uliyonisimuliaga. Safari hii fukusi wataniona!”

Mama Chai alikuwa ameshika birika. Alisema, “Vizuri, mdogo wangu.” Angeweza kusema palepale, ngoja, lile la majivu siyo. Lakini angemwelezaje alivyojua kwamba kitabu kimekosea? Angesema alisema uongo? Mbele ya mdogo mtu aliyemlea mgongoni? Alijidanganya kwamba mdogo wake atatia punje chache tu za kujaribia, kwamba nyingine ataziacha kwenye chupa kama zamani. Akauliza habari za mvua, wakaagana.

Mdogo mtu hakuacha hata punje. Alitia zote kwenye kibuyu, tabaka kwa tabaka, na majivu yaliyotoka mafigani yakiwa bado na joto, kama kitabu kilivyosema. Wakati wa kupanda ulipofika alifungua, akakuta mbegu safi, nzima, zinang’aa, hakuna tundu hata moja. Alipiga vigelegele. Akapanda zote.

Wiki tatu baadaye alipiga simu tena, saa ya chai.

“Dada, hazijaota. Hata moja.”

“Labda mvua.”

“Mvua ipo. Mahindi ya jirani yamefika magotini. Nimefukua, nimezikuta zimelala vilevile, nyingine zimeoza. Nimekosea wapi, dada? Nilifuata neno kwa neno. Ni mkono wangu tu mbaya. Mama aliyatunza maisha yake yote, na mimi nimeyamaliza msimu mmoja.”

Mama Chai aliposikia mdogo wake akijilaumu, aliketi juu ya gunia la sukari. Ukumbini walikuwa wakigonga vikombe, wakiulizana chai iko wapi. Hata hapo hakusema. Alisema atapiga baadaye, na hakupiga. Kwa miezi sita alipopigiwa aliiacha simu ilie. Akichekecha majani ya chai, aliona majivu. Wauzaji wa maharage sokoni walimchoka, maana alipita kila Jumamosi akipekua magunia yao kutafuta doa jekundu kwenye kitovu, na kila Jumamosi aliondoka mikono mitupu.

“Unatafuta nini humo, mama? Kijana uliyempoteza?” muuzaji mmoja alimtania.

“Kitu cha mama yangu.”

“Basi kaulize nyumbani kwa mama.”

Mwaka ulipogeuka, Mama Chai alisikia kwa kidirisha Katibu akiiambia kamati kwamba kijitabu cha mbegu kimependwa kuliko vyote, na kwamba kitachapishwa tena, nakala elfu arobaini, kipelekwe nchi nzima. Mjumbe mmoja alisema kuna barua chache za wakulima wanaolalamika kwamba mbegu hazioti. Mwingine akajibu kwamba wakulima hawafuati maelekezo, siku zote ndivyo walivyo. Wakaandika hivyo kwenye kumbukumbu. Kisha Katibu akasema, kwa kuwa ni toleo jipya, kanuni inataka watoa taarifa wasomewe upya, ingawa ni jambo la dakika chache tu.

Elfu arobaini. Mama Chai hakujua hesabu kubwa, lakini aliwaza juu ya wadogo zake elfu arobaini, kila mmoja amepiga magoti shambani, anafukua, anajiuliza amekosea wapi.

Walimkalisha kwenye kiti kilekile. Daktari alikuwapo, amenenepa kidogo. Katibu alisoma haraka haraka, naye akaitikia mpaka walipofika.

“Majivu yatiwe yangali na joto. Ndivyo?”

“Sivyo.”

Katibu aligeuza ukurasa, kisha akarudi nyuma kama aliyekanyaga kitu. “Umesema?”

“Sivyo. Yanapozwa siku tatu. Joto linaua mbegu.”

“Lakini mwaka jana ulisema—”

“Mwaka jana nilisema uongo.”

Daktari ndiye aliyeuliza, na hakupaza sauti.

“Ulijua ni uongo siku ile nilipokuuliza?”

“Nilijua.”

“Kwa nini, mama?”

Mama Chai alikuwa amejiandalia maneno mengi kwa mwaka mzima, mazito, ya kuwasuta wote pale walipo. Yalipotoka yalikuwa madogo. “Ulisema mwanamke mmoja asiyejua kusoma. Nilikuwa nimesimama pale nyuma. Hukunitazama hata mara moja.”

Daktari aliziba mdomo kwa kiganja. Baadaye, walipobaki wawili, alimwambia kwamba aliandika ombi kwa kamati jina litajwe, likakataliwa, akaandika tena, likakataliwa, naye kwa aibu akashindwa kuja jikoni kumwambia. Siku ya mhadhara aliogopa kumtazama kwa sababu angelia.

“Ungeniambia,” Mama Chai akasema.

“Na wewe ungeniambia.”

Kama mmoja wao angefungua mdomo wiki moja tu kabla ya kusomewa kule kwa kwanza, maharage yangekuwa shambani. Mama Chai alimlaumu yule binti, na kwa kiasi bado anamlaumu. Lakini lawama hiyo haimfikishi mbali, maana kila anapoifuata inamrudisha kwenye kile kiti cha ngozi, watu wanne wanamtazama, na neno moja lililokuwa mdomoni mwake.

Elfu arobaini hazikuchapishwa. Redioni walisoma sahihisho kwa siku saba, na karatasi zikatumwa kufuata zile elfu tatu, kadiri zilivyoweza kufuatwa, ingawa kwa mdogo wake hakuna iliyofika. Mama Chai alingoja kufukuzwa. Hawakumfukuza. Aliyeadhibiwa ni Daktari: ruzuku yake haikuongezwa, kwa kuwa alikuwa na jaribio mkononi na hakulipigania. Alifunga virago mwezi uliofuata. Alipokuja kuaga alikoroga chai yake muda mrefu sana, na Mama Chai akageukia sinki asikione kile kijiko kikizunguka.

Likizo ilipofika alipanda basi kwenda kwao. Alimkuta mdogo wake nyuma ya nyumba anafua. Hakungoja kukaribishwa maji. Alisema yote akiwa amesimama, begi mkononi: kinasa sauti, namba saba, majivu, ndivyo. Mdogo mtu aliendelea kufikicha shuka ileile, mahali palepale.

“Kwa hiyo si mkono wangu,” akasema hatimaye.

“Si mkono wako.”

“Miezi yote hii nimeogopa kupita kaburini kwa mama. Binti yangu nimemkaripia, nikidhani alinisomea vibaya. Na wewe simu hupokei.”

“Nilikosea, mdogo wangu.”

“Nyamaza kwanza.” Akaikamua shuka, maji yakamwagikia miguuni. “Nikuulize kitu kimoja, na usinidanganye. Siku ile ulipokuwa unawadanganya wale wasomi wako, ulinikumbuka?”

Mama Chai angeweza kusema ndiyo, kidogo. Lingekuwa neno la huruma.

“Hapana,” akasema. “Sikukukumbuka. Nilijikumbuka mwenyewe tu.”

Mdogo wake akamrushia ncha moja ya ile shuka. Mama Chai akaweka begi chini, akaidaka. Wakaikamua wawili, mmoja akisokota huku, mwingine kule, mpaka likatoka tone la mwisho, wakaianika kambani. Mdogo mtu akachukua nguo nyingine kwenye beseni. Hakusema karibu, wala hakusema nenda.